Msitu Ulio Mti Mmoja

WASWAHILI tuna hazina kubwa ya maneno ya kutikisika. Mtu hutetemeka kwa baridi, hutapatapa akizama, moyo humdunda kwa hofu. Bendera hupepea, tanga hupigapiga likilegea, na mnazi huyumba kusi ikivuma. Lakini uko mti mmoja duniani ambao kutetemeka ndiyo sifa yake kubwa, tena ndiyo jina lake kwa wataalamu, nasi katika lugha yetu hatujaupa jina. Mti huo ni aspeni. Ule wa Ulaya na Asia umeandikwa kwa Kilatini Populus tremula, na ule wa Amerika ya Kaskazini Populus tremuloides. Yote mawili yana maana ya kitu kinachotetemeka.

Swali juu ya mti huu niliulizwa Ekero, kisoko kilicho karibu na Mumias katika nchi ya Kakamega, mahali ambapo macho hayaoni ila miwa mbele na miwa nyuma. Nilikwenda huko kutafuta habari za Uislamu wa Wawanga, kwani watu wa pwani walifika Mumias kwa misafara zama za Nabongo Mumia, wakaacha huko dini na maneno yao kadhaa. Mwenyeji wangu alikuwa mkulima wa miwa, mzee mwenye mvi na heshima zake. Mjukuu wake wa kike, mwanafunzi, alilikuta jina la aspeni katika hadithi ya Kiingereza na hakuna aliyeweza kumweleza.

"Mwambie wewe, maalim," mzee akasema. "Sisi hapa tunajua lusiola, tunajua murembe, tunajua mukumu. Huo wa kutetemeka hatuujui."

Nilimjibu binti yule kadiri nilivyoweza, na mazungumzo yetu yakatufikisha mbali kuliko kitabu chake. Nimeona si vibaya niyaandike hapa kwa utulivu, kwa kuwa nina yakini kwamba habari za mti huu wa ughaibuni zinatuhusu sisi wenyewe.

KWA NINI UNATETEMEKA

Aspeni ni mti wa nchi za baridi. Urefu wake aghalabu ni mita 15 hadi 25. Gome lake ni jeupe, lenye ukijani kwa mbali, na majani yake ni ya mviringo mfano wa shilingi. Siri ya kutetemeka haimo katika jani lenyewe, imo katika kikonyo chake. Kikonyo cha jani la miti mingi kina umbo la duara kama uzi. Cha aspeni kimebanwa pande mbili kikawa bapa, na ubapa wake umekaa kinyume na ubapa wa jani.

Asiyefahamu na achukue ukindu mmoja anaposuka mkeka. Akiusukuma kwa ubapa, hupinda mara moja. Akiusukuma kwa ukingo, hukataa. Kikonyo cha aspeni ni hivyo hivyo. Hakina nguvu ya kulizuia jani lisiende upande huu na huu. Upepo mdogo usioweza kuzima kibatari hutosha kuutikisa mti mzima, na majani yakagongana kwa sauti ya mvua nyepesi inayopiga makuti.

Wazungu wa zamani walikuwa na hadithi kwamba mti huu unatetemeka kwa hofu na majuto, eti kwa sababu msalaba ulichongwa kwa mbao zake. Hadithi hubaki hadithi. Wataalamu wa mimea wana maelezo mengine. Jani linalokubali kuyumba halichanwi na upepo wala halilivunji tawi lake; na majani ya juu yanapoyumba huacha mwanga wa jua upenye hadi kwa majani ya chini, ili nayo yapate riziki yake. Nahodha yeyote ataelewa. Anayelegeza demani kwa wakati wake hufika na tanga zima, na anayeshindana na upepo hufika na matambara, akifika.

Sifa nyingine za mti huu nazo si haba. Majani yake hugeuka rangi ya dhahabu kabla ya majira ya baridi, kisha hupukutika yote, ukabaki uchi. Hata hivyo haulali moja kwa moja, kwa kuwa ndani ya gome lake imo ile rangi ya kijani ambayo mimea huitumia kupikia chakula kwa mwanga wa jua. Miti mingine ikisubiri majani mapya, aspeni hupika kidogo kidogo kwa ngozi yake. Mbao zake ni nyeupe na laini, na ndizo Waswidi walizopasulia njiti za viberiti vilivyosifika dunia nzima.

Tena aspeni ina dume na jike, kama mpapai na mtende. Jike hutoa mbegu ndogo mno, zilizovikwa nyuzi nyeupe kama sufi, na upepo huzichukua maili nyingi. Lakini mbegu hizo zina umri mfupi. Zisipoangukia udongo ulio wazi na wenye maji, hufa katika muda wa wiki chache. Msomaji naomba alishike neno hili, tutalirudia tukifika Tana.

MSITU AU MTI?

Ajabu kubwa ya aspeni iko chini ya ardhi. Mizizi yake hutambaa mbali, na kila baada ya hatua kadhaa hutoa chipukizi linalopanda juu likawa mti wenye shina na matawi yake. Mpita njia huona msitu. Kumbe aliouona ni mti mmoja, mashina yake yote yametoka katika mzizi mmoja, na damu yao, tukiruhusiwa kusema hivyo, ni moja. Moto ukipita ukateketeza mashina, mzizi uliojificha hubaki hai, na mwaka ufuatao machipukizi hujaa kama nyasi baada ya mvua.

Katika jimbo la Utah, nchini Marekani, ndani ya msitu wa serikali wa Fishlake, uko mti wa namna hii uliotambuliwa na wataalamu mwaka 1976. Mwaka 1992 ulipewa jina la Pando, neno la Kilatini lenye maana ya "natandaa". Umetanda juu ya hekta 43 hivi, una mashina yapata 47,000, na uzito wake umekisiwa kuwa tani 6,000. Wote ni mti mmoja, tena dume. Shina moja moja huishi miaka mia na kitu likaanguka, lakini mzizi ni wa kale mno. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulikisia umri wake kuwa kati ya miaka 16,000 na 80,000. Mashina hufa na kuzaliwa, mti unabaki, kama ukoo unavyobaki baada ya watu wake kuzikwa.

Hapo mzee wa Ekero, aliyekuwa kimya muda wote, alicheka.

"Maalim, kumbe mti huo tunao," akasema akinyoosha mkono shambani. "Nani hapa aliyepanda mbegu ya muwa? Tunakata kipande, tunakilaza mtaroni, kinaota. Tukivuna, kisiki kinachipuka tena, tunavuna mara ya pili na ya tatu. Baba yangu alikata, mimi nakata, muwa ni ule ule."

Wallahi alisema kweli, tena kweli kubwa kuliko alivyokusudia. Aina ya miwa iitwayo CO 421, iliyopandwa sana magharibi ya Kenya, ilizalishwa katika kituo cha miwa cha Coimbatore, India, na herufi zile mbili ni ufupisho wa jina la mji huo. Kila muwa wa CO 421, uwe Mumias au uwe Muhoroni, ni kipande cha kipande cha muwa mmoja wa kwanza uliochaguliwa huko. Mashamba ya wilaya nzima ni mmea mmoja uliokatwa vipande vipande. Tofauti ni kwamba aspeni hujipanda yenyewe kwa mizizi, na muwa hupandwa na mkono wa binadamu.

Faida ya jambo hili ni dhahiri, kwa kuwa kilicho kizuri hakipotei. Hasara yake nayo haina budi kutajwa. Wote wakiwa mmoja, ugonjwa unaomdhuru mmoja huwadhuru wote, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa na kinga tofauti. Mzee alinieleza kwa masikitiko jinsi maradhi ya kichwa cheusi yanavyoingia katika miwa, ambapo ncha ya muwa hutoa mjeledi wenye unga mweusi kama masizi, na unga ule ukipeperushwa haubagui shamba la tajiri na la maskini. Ndiyo maana mti wenye busara hauachi kabisa njia ya mbegu. Mzizi huhifadhi ya jana, mbegu hutafuta ya kesho.

NDUGU TUNAO HAPA

Binti aliuliza kama aspeni ina ndugu yeyote katika nchi yetu. Nilimwonyesha ua wa miiba wa jirani, kayaba ile inayochoma mkono wa mwizi na kumzuia ng'ombe. Kayaba si mwenyeji, ililetwa kutoka Afrika ya Kusini. Lakini wataalamu walipoanza kuichunguza nasaba ya mimea kwa chembe za urithi, mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, walizihamisha kayaba na jamaa zake na kuziweka katika ukoo mmoja na aspeni. Nayo ina dume na jike. Ndiyo maana ua mmoja huzaa matunda ya manjano na mwingine hauzai abadan, na wenyewe wakadhani umerogwa.

Nasi watu wa pwani tuna ndugu yetu katika ukoo huo huo, naye ni mchongoma. Nani hajui kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma? Tumeutumia mti huo kuwaonya vijana wetu tangu zama za mababu, na matunda yake tumeyala utotoni hata midomo ikawa myeusi, bila kujua kwamba ana binamu Ulaya anayetetemeka.

Hao ni binamu wa mbali. Ndugu wa karibu, wa tumbo moja tuseme, ni popla, kwa kuwa aspeni yenyewe ni aina mojawapo ya popla. Popla zote zinazojulikana sana ni za kaskazini ya dunia. Lakini iko moja, na ni moja tu, iliyo mwenyeji wa Afrika ya ikweta, nayo iko Kenya. Ni popla ya Tana, Populus ilicifolia kwa Kilatini.

POPLA YA TANA

Nimeuvuka mto Tana pale Garsen nikienda Lamu mara nisizoweza kuzihesabu. Nimeona mitumbwi ya Wapokomo ikipasua maji yale mekundu, na kwa miaka mingi sikujiuliza mtumbwi umechongwa kwa mti gani. Mmojawapo wa miti yake ndio huu. Mbao zake ni nyepesi, huchongeka vizuri, na shina lake hunenepa kiasi cha kutoa mtumbwi wa kubeba watu na mzigo. Mti huu huota ukingoni mwa maji, katika Tana na mito mingine michache ya Kenya, na kidogo kaskazini mwa Tanzania. Jina lake la Kilatini limetokana na majani yake ya utu uzima, yenye meno pembeni kama ya mti wa Ulaya uitwao holi.

Sasa turudi kwenye mbegu. Popla ya Tana, kama jamaa zake, hutoa mbegu ndogo zenye sufi na umri mfupi. Mbegu hiyo haiwezi kushindana na nyasi wala kivuli. Inahitaji mchanga mpya, mtupu, uliolowa, na mahali pa kuupata ni pamoja tu: pale mto ulipofurika, ukamega ukingo wa huku, ukajaza ukingo wa kule, kisha maji yakashuka taratibu. Kwa hiyo mafuriko, ambayo kwetu ni msiba wa nyumba na mazao, kwa mti huu ndiyo mkunga.

Tana ulikuwa na desturi ya kujaa mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na za vuli, na Wapokomo walipanda mpunga na migomba yao kwa kufuata desturi hiyo. Kisha tukajenga mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga ndilo kubwa kuliko yote kwa kuhifadhi maji, na tangu lilipojengwa maji ya mafuriko ya kadiri yamepungua. Gharika kubwa bado huja, kama zile za 1997 na 2024, lakini gharika si desturi. Na tope lililokuwa likishuka kujenga kingo mpya, sehemu yake kubwa sasa hulala chini ya mabwawa.

Watafiti waliopita katika misitu ya Tana miaka ya 1980 waliona dalili ya hatari: miti mikubwa imesimama kwa fahari, na michanga haionekani ya kutosha kuirithi. Msitu huo ndio makao ya nyani wawili, mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, wasiopatikana popote duniani ila hapo, na ndiyo sababu sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1976. Popla yenyewe imeandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini.

Ajabu ni kwamba Pando wa Utah, pamoja na ukubwa wake wote, anaugua ugonjwa huo huo. Mizizi yake bado hutoa machipukizi, lakini paa na ng'ombe huyala kabla hayajafika kimo cha mtu. Sehemu ya msitu ilipozungushiwa uzio, machipukizi yalipata nafasi yakakua. Nje ya uzio, wazee wanaanguka na hakuna wa kushika nafasi zao. Mmoja anaharibiwa na ulafi wa wanyama, mwingine na kufungwa kwa mto, na mwisho wao hufanana: nyumba iliyojaa mababu, isiyo na mtoto hata mmoja.

KWETU JE?

Sisemi mabwawa yavunjwe. Taa ninayoandikia makala haya huenda inawashwa na maji hayo ya Tana, na mtu hali mkono unaomlisha. Lakini liko pendekezo, nalo si geni kwa wataalamu, kwamba maji yanaweza kufunguliwa kwa kipimo na kwa majira, ili mto upate furiko lake dogo na miti ipate uzazi wake. Hilo ni jambo la kujadiliwa na wenye mamlaka pamoja na watu wa mto, na wala si la kuachiwa mahandasi peke yao.

Na wala tusidhani balaa ni la Tana pekee. Mzee wa Ekero alinieleza kwamba alipokuwa mdogo, kingo za Nzoia zilikuwa na miti mikubwa ambayo mikono ya watu watatu haikuizunguka, nao walikatazwa kuikata. Leo, alisema, miwa na mikaratusi imeshuka mpaka majini. Nilimwuliza majina ya ile miti ya zamani. Alitaja mitano, akasita kwenye wa sita. Mjukuu wake, mwenye kuweza kuandika aspeni kwa Kiingereza bila kukosea herufi, kati ya mitano ile aliutambua mmoja.

Hilo ndilo lililonitia majonzi kuliko yote. Mti hupoteza watoto wake mtoni, na jina la mti hupoteza watoto wake mdomoni, na mara nyingi mambo hayo mawili hutokea pamoja. Simlaumu binti, hakuna anayezaliwa na majina. Majina hutiwa masikioni na wazee, kama sisi tulivyotiwa alifu na bee chuoni, mbele ya ubao na chini ya jicho la mwalimu, hata yakakaa.

Basi nawaomba wasomaji jambo dogo. Ukipita chini ya mti mkubwa unaoupenda, usitosheke kuutazama juu ukasema mashallah. Tazama chini. Tafuta miche yake. Ikiwa ipo, izungushie miiba mbuzi wasiile. Ikiwa haipo, uliza kwa nini, na muulize mzee wa mahali hapo mti huo unaitwaje, kisha mwambie mtoto aliye karibu nawe alirudie jina hilo mara tatu.

Nami, kwa desturi ya kwetu, nafunga kwa ubeti mmoja:

Usilihesabu shina, hesabu yake mizizi,
Mti hukatwa wa jana, likazuka chipukizi,
Bali pakikosa mwana, na mto ukose kazi,
Kivuli tunachoona, ni mkopo wa wazazi.